Fedha za Dharura na Barabara katika Kaunti ya Mashambani: Hutoka Wapi, na Huwa Wapi Mto Unapofurika?

Swali la msomaji: "Ninaishi katika kaunti ya mashambani nchini Kenya, kando ya mto. Kila mto unapofurika barabara hukatika, ambulensi hukosa mafuta, na jibu tunalopewa ni kwamba hakuna pesa. Miezi michache baadaye tunaona ambulensi mpya zikizinduliwa na barabara nyingine ikichongwa. Naomba unieleze: fedha za huduma za dharura na za miundombinu katika kaunti kama yetu hutoka wapi, na kwa nini hazipatikani siku zinapohitajika?"

Ndugu msomaji, nakushukuru kwa swali hili, kwa sababu limeugusa ufa ulio katikati ya bajeti za kaunti nyingi za mashambani. Jibu la mkato ni kwamba karibu fedha zote huingia kwa mlango mmoja, yaani mgao kutoka serikali ya kitaifa. Kwamba ile inayoitwa Hazina ya Dharura ni ndogo, ya hiari, na haikukusudiwa kubeba mzigo ambao wananchi wengi hudhani inaubeba. Na kwamba fedha zinazookoa maisha hasa hukaa mahali pasipotazamwa na mtu, kwenye vifungu vya mafuta, matengenezo, dawa na mishahara. Anayekuambia siku ya mafuriko kwamba hakuna pesa mara nyingi husema kweli kuhusu siku hiyo, lakini uamuzi ulioifanya siku hiyo iwe hivyo ulipitishwa miezi mingi kabla, katika kikao ambacho pengine hukukisikia kikitangazwa.

Hukuitaja kaunti yako, nami sitaibahatisha. Nitaichukua Tana River kuwa mfano kwa sababu ya umbile lake na takwimu zake zilizo wazi, si kwa nia ya kusema kwamba malalamiko yako yanaihusu.

Kwanza tujue ni kazi ya nani. Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 linazipa kaunti huduma za afya za kaunti, zikiwemo zahanati, hospitali za kaunti na ambulensi. Linazipa pia huduma za zimamoto na udhibiti wa majanga, barabara za kaunti, na mifereji ya maji ya mvua katika maeneo yenye makazi mengi. Udhibiti wa majanga, hata hivyo, umeandikwa kwenye orodha zote mbili, ya serikali ya kitaifa na ya kaunti, na hapo ndipo wananchi hurushwa kama mpira kutoka ofisi moja hadi nyingine. Barabara kuu ni za serikali ya kitaifa. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. Uhandisi wa maji na usalama wa mabwawa pia ni wa serikali ya kitaifa, jambo lenye uzito mkubwa kwa watu wa Mto Tana, kwa kuwa mabwawa ya kuzalisha umeme yaliyo juu ya mto, kuanzia Masinga hadi Kiambere, yanapofurika maji yake hushuka hadi kwenye vijiji vya wakulima wa Kipokomo na malisho ya Waorma. Kwa hiyo maji yakiingia kijijini kwa sababu mto umevunja kingo zake, kazi ya kuudhibiti mto wenyewe haiko mikononi mwa kaunti. Lakini kumtoa mama mjamzito kijijini humo na kumfikisha hospitalini ni kazi ya kaunti, na haina budi kuigharamia.

Sasa tuje kwenye fedha. Serikali za kaunti zilianza kazi mwaka 2013, na katika mwaka wa fedha wa 2013/14 kaunti zote 47 ziligawana Sh190 bilioni. Mwaka wa 2021/22 mgao huo ulifika Sh370 bilioni, na wa 2025/26 ukawekwa kuwa Sh415 bilioni. Katiba inataka kiasi hicho kisipungue asilimia 15 ya mapato yote yaliyokusanywa na serikali ya kitaifa, lakini asilimia hiyo hupimwa kwa hesabu za karibuni zaidi zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa, na kwa kuwa hesabu hizo aghalabu ni za miaka kadhaa iliyopita, kizingiti hicho ni cha chini kuliko kinavyosikika.

Namna kila kaunti inavyopata fungu lake huamuliwa na fomula inayopendekezwa na Tume ya Ugavi wa Mapato na kupitishwa bungeni, kwa kawaida kila baada ya miaka mitano. Katika fomula ya tatu, ambayo Seneti iliipitisha Septemba 2020 baada ya mvutano wa wiki nyingi, sehemu ya msingi inayogawanywa kwa kaunti zote kwa usawa ilipewa asilimia 20, idadi ya watu 18, afya 17, umaskini 14, kilimo 10, ukubwa wa ardhi 8, barabara 8 na huduma za mijini 5. Itazame ile asilimia 8 ya ardhi. Tana River ina takribani kilomita za mraba 38,000, eneo linaloizidi nchi nzima ya Rwanda, na sensa ya mwaka 2019 ilihesabu humo watu 315,943 tu. Maana yake ni watu wanane hivi kwa kila kilomita moja ya mraba. Mgonjwa wa Garsen anayehitaji hospitali kubwa zaidi hupelekwa Malindi, safari ya zaidi ya kilomita 100, tena nje ya kaunti yake. Ambulensi inayohudumia watu wachache waliotawanyika hivyo hula mafuta na magurudumu maradufu kwa kila mgonjwa mmoja, ilhali fomula hiyo, iliyotumika hadi 2024/25, ilitilia maanani zaidi vichwa kuliko masafa. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo ambalo maseneta wa kaunti zenye eneo kubwa wangepaswa kuling'ang'ania kila fomula inapojadiliwa, kuliko kugombania tu jumla ya mgao.

Chini ya fomula hiyo, Tana River ilipangiwa takribani Sh6.5 bilioni kwa mwaka wa 2021/22. Fedha ilizokusanya yenyewe, yaani vibali vya biashara, ushuru wa mazao na mifugo sokoni, ada za hospitali, kodi za ardhi na kadhalika, zilihesabiwa kwa makumi ya milioni kwa mwaka katika miaka mingi ya mwanzo ya ugatuzi. Tofauti hiyo ni kubwa mno, wala si lazima itokane na uzembe. Katiba inaziruhusu kaunti kutoza kodi ya mali na kodi ya burudani, pamoja na ada za huduma zinazotoa. Lakini sehemu kubwa ya ardhi katika kaunti za wafugaji ni ya jamii na haitozwi kodi ya ardhi kama viwanja vya mjini, wala hakuna majengo makubwa ya kibiashara ya kutoza. Narok ina viingilio vya Maasai Mara. Kaunti ya mashambani isiyo na mbuga yenye wageni wengi wala mji mkubwa haina pa kukimbilia Nairobi inapochelewa.

Na Nairobi huchelewa. Katiba inasema mgao wa kaunti upelekwe bila kucheleweshwa pasipo sababu na bila kukatwa, lakini magavana wamekuwa wakilalamika mwaka baada ya mwaka kwamba fedha hufika zikiwa zimechelewa kwa wiki au miezi. Wakati mwingine hupungua katikati ya safari: Mswada wa Fedha wa mwaka 2024 ulipoondolewa kufuatia maandamano, mgao uliokuwa umepangwa kuwa Sh400.1 bilioni ulishushwa hadi Sh387.4 bilioni, na kaunti zilizokuwa tayari zimepitisha bajeti zikalazimika kurudi mezani kukata. Mishahara haikatiki kwa urahisi, kwa hiyo kisu huangukia barabara, miradi ya maji na matengenezo.

Ipo milango mingine midogo. Zipo ruzuku zenye masharti, kutoka serikali ya kitaifa au kwa washirika wa maendeleo kama vile Benki ya Dunia na Denmark, ambazo haziwezi kutumiwa nje ya kusudi lake hata mto ukiwa umefurika. Ipo Hazina ya Usawazishaji iliyowekwa na Ibara ya 204, nusu asilimia ya mapato ya kitaifa, ambayo ni ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Tana River ilikuwamo katika kaunti 14 za orodha ya kwanza, lakini fedha za hazina hiyo zilikwama kwa miaka mingi kwenye mivutano ya nani azisimamie. Kaunti inaweza pia kukopa, lakini ni sharti serikali ya kitaifa idhamini mkopo na Bunge la Kaunti liukubali.

Kisha kuna ushuru wa matengenezo ya barabara unaotozwa kwenye kila lita ya mafuta, ambao Julai 2024 uliongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25. Huu ungekuwa ndio mlango wa asili wa kutunza barabara za mashambani. Zamani kaunti zilipewa sehemu yake, asilimia 15, kama ruzuku yenye masharti, na masharti hayo yalikuwa na faida moja kubwa: fedha hizo zilibaki za barabara. Kuanzia 2021/22 ruzuku hiyo, pamoja na nyingine tatu, iliyeyushwa ndani ya mgao wa jumla. Kwenye karatasi kaunti hazikupoteza kitu, lakini shilingi ya barabara ilipoingia kwenye chungu kimoja na shilingi ya mishahara, haikuwa na mtetezi tena. Mwaka 2024 magavana na wabunge wakaingia katika mzozo mkali juu ya Sh10.5 bilioni za ushuru huohuo, na muda wote wa mzozo greda zilibaki zimeegeshwa.

Hapa sasa ndipo ninapoomba tutulie, kwa sababu ndipo lilipo jibu la sehemu ya pili ya swali lako, ile ya ambulensi mpya zinazozinduliwa ilhali za zamani hazina mafuta.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inataka, ikipimwa kwa kipindi cha miaka kadhaa, angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo. Kanuni zilizofuata mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Chukua kaunti yenye Sh7 bilioni. Maendeleo yatachukua Sh2.1 bilioni, mishahara Sh2.45 bilioni kama kaunti imetii, na kinachosalia ni Sh2.45 bilioni nyingine kwa kila kitu kingine: dawa, mafuta, umeme wa hospitali, vikao na safari za wawakilishi wadi, bima, karatasi, ukarabati wa magari, chakula cha wagonjwa waliolazwa. Kaunti nyingi huvuka kikomo cha mishahara, na kila shilingi inayokivuka hutolewa kwenye fungu hilo la mwisho. Kununua ambulensi huhesabiwa kuwa maendeleo. Mafuta yake, dereva wake, mhudumu wa afya anayeketi nyuma na mgonjwa, oksijeni yake na vipuri vyake huhesabiwa kuwa matumizi ya kawaida. Kwa hiyo sheria iliyotungwa kwa nia njema, ya kuzuia fedha zote zisiishie kwenye mishahara na posho, ina matokeo haya ya pembeni: ni rahisi zaidi kwa kaunti kununua gari la tatu kuliko kuyaendesha mawili iliyo nayo.

Gari la zimamoto lina hadithi hiyohiyo, na pengine mbaya zaidi, kwa sababu huwa halionekani likifanya kazi kila siku. Thamani yake yote imo katika utayari: wazimamoto waliofunzwa na kulipwa ingawa hakuna moto wiki hii, tangi lililojaa, mahali pa kujaza maji tena katika mji usio na mabomba ya kutosha. Bajeti inayopimwa kwa vitu vinavyoonekana haina safu ya kuandikia utayari, na mara nyingi nimeketi katika vikao vya kupunguza bajeti na kuona kifungu cha mafunzo ya wazimamoto kikiwa cha kwanza kufutwa, kwa maelezo kwamba hakikutumika mwaka uliopita.

Baadhi ya kaunti zilijaribu njia nyingine: badala ya kununua ambulensi, zilikodi huduma nzima, gari pamoja na wahudumu na mafuta, kwa malipo ya kila mwezi, ikiwemo kupitia kampuni tanzu ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Walipa kodi wengine waliilalamikia gharama hiyo, na malalamiko yao yanastahili kusikilizwa. Mimi naona faida moja: gharama ya kuendesha haiwezi kujificha nyuma ya gari jipya, kwa kuwa imo ndani ya ankara. Lakini malipo yakikatika, huduma nayo hukatika, na hivyo tunarudi palepale kwenye fedha kuchelewa.

Kuhusu matibabu yenyewe, Ibara ya 43 ya Katiba inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya mwaka 2023 imeunda hazina ya dharura na magonjwa sugu na mahututi ili kulipia huduma hizo katika mpango ulioanza Oktoba 2024. Sheria nyingine ya mwaka huo imeruhusu hospitali za umma kubaki na mapato zinayokusanya badala ya kuyapeleka makao makuu ya kaunti na kuyasubiri yarudi. Hili la pili ni zuri sana kwa hospitali ya mashambani, kwa sababu msimamizi wake anaweza kulipia mafuta ya leo kwa ada za jana, mradi madai yake ya bima yalipwe kwa wakati.

Tuje sasa kwenye Hazina ya Dharura yenyewe, ambayo wananchi wengi huifikiria kama kisima kilichojaa. Kifungu cha 110 cha ile Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 kinasema kamati kuu ya kaunti, yaani gavana na mawaziri wake, inaweza kuianzisha kwa idhini ya Bunge la Kaunti. Neno ni "inaweza", si "lazima". Ikishaanzishwa, waziri wa fedha wa kaunti anaruhusiwa kulipa kutoka humo panapotokea haja ya haraka isiyotarajiwa, ambayo haikutengewa fedha kisheria, ambayo haiwezi kungoja mwaka ujao bila kuumiza maslahi ya umma, na ambayo inatishia maisha, ustawi wa watu au mazingira. Kwa mwaka mmoja malipo hayawezi kuzidi asilimia 2 ya mapato ya kaunti yaliyomo kwenye hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliotangulia. Baada ya kulipa, ana miezi miwili ya kwenda kwenye Bunge la Kaunti kuomba idhini. Kwa kaunti yenye mapato ya Sh6.5 bilioni kikomo hicho ni Sh130 milioni. Ni fedha nyingi kwa kununua mahema, chakula, dawa za kutibu maji na mafuta ya boti. Ni chache mno ukianza kujenga upya madaraja na kalvati zilizosombwa.

Lakini tatizo kubwa zaidi limo katika neno "isiyotarajiwa". Mto Tana umefurika mara nyingi katika kumbukumbu za watu walio hai, na ulifurika mwishoni mwa 2023 wakati wa El Niño na tena Aprili na Mei 2024, miezi michache tu baadaye. Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa misimu. Kampuni inayoendesha mabwawa hutoa tahadhari yanapokaribia kufurika. Kulichukulia jambo la namna hii kama lisilotarajiwa ni kujidanganya kihesabu, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ana haki ya kuuliza kwa nini lililipwa kwa hazina ya mambo yasiyotarajiwa. Mafuriko ya Tana, kama ukame wa Turkana na maporomoko ya milima ya Pokot Magharibi, yanastahili kifungu chake katika bajeti ya kawaida, na Hazina ya Dharura ibaki kwa ajili ya ziada ambayo hakuna aliyeiona ikija.

Hazina hiyo ikikauka, au kama haikuanzishwa kabisa, kaunti hupitia mlango wa bajeti ya ziada. Sheria inairuhusu kutumia fedha ambazo hazikuidhinishwa pale haja inapojitokeza, ikatafuta idhini ndani ya miezi miwili, na isizidi asilimia 10 ya bajeti iliyopitishwa isipokuwa Bunge la Kaunti likikubali zaidi kwa sababu maalumu. Bajeti ya ziada, ingawa jina lake linasikika kama nyongeza, mara nyingi haiongezi hata shilingi moja. Inahamisha. Mwezi wa Novemba fedha huondolewa kwenye barabara ya moramu iliyokuwa ianze kuchongwa na kupelekwa kwenye chakula cha waliohama makwao. Barabara hiyo haitengenezwi mwaka huo. Msimu unaofuata inakatika mapema zaidi, na ambulensi haipiti hata ikiwa na mafuta. Hivyo dharura ya leo hulipwa kwa barabara ya kesho, na kaunti huingia mwaka unaofuata ikiwa dhaifu kuliko ilivyokuwa. Ukitaka kujua kwa nini baadhi ya barabara hutajwa katika bajeti tatu mfululizo bila kujengwa, anzia kwenye bajeti za ziada.

Hata fedha zikiwa zimepitishwa, bado kuna safari ya kuzitoa. Kila utoaji kutoka Hazina ya Mapato ya Kaunti unahitaji idhini ya Msimamizi wa Bajeti aliye Nairobi. Huo ni ulinzi muhimu, nami sitaki uondolewe, lakini unaadhibu kaunti iliyopeleka ombi lenye kasoro. Juu ya hayo kuna madeni ya wanakandarasi na wauzaji. Mwenye kituo cha mafuta anayedai kaunti malipo ya miaka miwili hatajaza ambulensi kwa mkopo mwingine, hata umwoneshe barua yenye muhuri. Katika kaunti ya mashambani yenye vituo vichache vya mafuta, deni moja lisilolipwa linaweza kulaza magari yote ya afya.

Yapo mambo ambayo kaunti inaweza kuyafanya bila kusubiri fomula mpya. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2015 inaruhusu kuingia mapema katika mikataba inayoweka bei na mtoaji wa huduma bila kununua chochote mpaka haja itokee. Mkataba wa greda, wa boti na wa mafuta uliotiwa saini Julai humwokoa ofisa asilazimike kutafuta muuzaji mmoja bila ushindani mwezi wa Novemba, maji yakiwa magotini, kwa bei ambayo muuzaji anajua haina wa kuipinga. Pia kuna hazina za tabianchi. Makueni iliweka kanuni zake mwaka 2015 na kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo kwa miradi inayochaguliwa na kamati za wadi, na mpango wa kitaifa unaofadhiliwa na Benki ya Dunia na washirika wengine umeueneza mfano huo katika kaunti nyingine. Fedha hizi ndizo zinazofaa kwa kuinua barabara sehemu inayokatika kila mwaka, kuhamisha zahanati iliyojengwa bondeni, au kuweka kalvati kubwa mahali pa ile ndogo inayoziba. Kwa ukame, Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame inahudumu katika kaunti 23, na msaada wake hauna haja ya kungoja bajeti ya kaunti.

Uliuliza kwa nini fedha hazipatikani siku zinapohitajika. Nakushauri uitafute siku zilipopangwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kufikia Septemba 1 kaunti hupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka kwenye Bunge la Kaunti. Kufikia Februari 28, waraka wa mkakati wa fedha unaoweka kikomo cha kila idara. Kufikia Aprili 30, makadirio ya bajeti. Na kufikia Juni 30 bajeti huidhinishwa. Ushirikishaji wa umma ni sharti la Katiba, si hisani. Wananchi wengi huja kwenye mikutano hiyo kudai barabara mpya, na mwakilishi wadi hufurahi kwa kuwa ataizindua. Mara chache sana mtu husimama akauliza kuhusu kifungu cha mafuta ya ambulensi.

Ukihudhuria mkutano wa Aprili, omba kitabu cha makadirio na ufungue sehemu ya idara ya afya. Tafuta mafuta, kisha matengenezo ya magari, kisha uulize idara ina ambulensi ngapi zinazotembea na kila moja husafiri kilomita ngapi kwa mwezi. Gawanya kiasi kilichotengwa, nawe utajua gari litasimama mwezi gani. Fanya vivyo hivyo kwa barabara: ni kiasi gani cha kujenga na ni kiasi gani cha kutunza zilizopo. Uliza kama Hazina ya Dharura imeanzishwa kwa sheria, ina salio gani, na kama hesabu zake za mwaka uliopita ziliwasilishwa. Mwisho, omba ripoti ya Msimamizi wa Bajeti ya robo mwaka, ambayo huchapishwa na iko wazi kwa kila mwananchi, ulinganishe kilichopitishwa na kilichotumika. Na iwapo kifungu cha mafuta kitakuwa kimekwisha kabla ya mvua za Oktoba, liandike swali lako kwa maandishi kwa karani wa Bunge la Kaunti na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri, kwa sababu bajeti ya ziada itakapoletwa, kamati ya bajeti itakuwa na barua inayotaja kifungu, kiasi na tarehe.